Machozi na Maziwa

Je, mtu anayewalilia watu wa vitabuni na wa sinema ni mwema kuliko yule asiyelia? Swali hili nimelibeba kwa miaka kadhaa sasa, na sikulipata darasani. Nililipata nyumbani, katika mji wa Edinburgh huko Uskoti, usiku mmoja wa Desemba 2022, nikiwa nimejifunika blanketi kitini na machozi yakinitiririka.

Kwanza nieleze majira yenyewe, maana msomaji aliyekulia pwani kama mimi anaweza kudhani kuwa baridi ni habari ya kuvaa sweta tu. Baridi ni habari ya mwanga. Edinburgh iko karibu nyuzi 56 kaskazini ya ikweta, na katika siku fupi za Desemba jua huchomoza kwenye saa 2:40 asubuhi na kuzama kwenye saa 9:40 alasiri. Sisi tumezoea saa inayokwenda na jua: ikifika saa 12 jioni magharibi imeingia, kuku wanarudi bandani na taa zinawashwa. Kule hesabu hiyo huvunjika. Miaka yangu ya kwanza nilikuwa nikitamka "saa 12 jioni" na moyo ukatarajia wekundu wa jua juu ya mto Pangani, kumbe nje giza limekwisha kaa zaidi ya saa mbili. Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba saa yangu ya Kiswahili, ambayo nyumbani ilikuwa ukweli wa mbinguni, huku imekuwa mazoea ya ulimi tu.

Katika majira hayo maisha ya mtu hupungua yakawa shughuli ndogondogo. Jumamosi moja inaweza kuliwa yote na mambo manne: kununua maziwa na mkate, kutafuta balbu ya taa ya ngazini, kupeleka viatu vikabadilishwe soli, kurudisha vitabu maktaba. Kila moja ni safari. Unavaa soksi juu ya soksi, unajifunga skafu, unatembea kwa hatua za kuku aliyetoka matopeni kwa sababu njia imeganda barafu, na ukifika kona unamshukuru yule mtu usiyemjua aliyechota chumvi na mchanga kwenye sanduku la mtaa akamwaga pale penye mteremko. Safari niliyoipenda ni ya maktaba kuu, iliyofunguliwa mwaka 1890 kwa fedha za Andrew Carnegie, pauni 50,000 alizozitoa yeye mwenyewe. Juu ya mlango wamechonga maneno ya kuomba nuru. Sijui kama waliochonga walikuwa wakifikiria elimu au Desemba.

Kisha mtu anarudi kwake, anafunga mlango, anabandika chai, na jioni inaanza ikiwa bado ni mchana wa watu wengine. Nakiri kwamba nayapenda maisha hayo. Kazi yangu ni ya hesabu, mchana kutwa niko na tarakimu, na sina mke wala mtoto wa kunisubiri. Jioni ndefu yenye kitabu au filamu ilikuwa kwangu kama ukumbi wa karamu. Dada yangu aliyeko Tanga hakulielewa jambo hili hata siku moja. Alikuwa akipiga simu na kuuliza, "Umekaa na nani?" Nikamjibu, "Nimekaa na kitabu." Naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, msalimie."

Jengo ninaloishi ni la mawe, la ghorofa nne, na limekwisha pita umri wa miaka mia. Nyumba zote zinatumia ngazi moja yenye giza, na sakafu zake ni za mbao. Mimi nilikuwa ghorofa ya kwanza. Chini yangu aliishi mzee mmoja mjane, mwenye umri wa miaka 84 wakati huo, ambaye alifanya kazi ya kupanga herufi katika viwanda vya uchapaji tangu utoto wake mpaka kazi yenyewe ilipokufa. Nitamwita Mzee tu. Kwa Waskoti neno hilo lingeweza kuwa kebehi, lakini msomaji wangu anajua kwamba kwetu ni la heshima.

Tulikuwa majirani kwa miaka 11. Tulisalimiana ngazini. Tulizungumzia hali ya hewa, ambayo kule ni maongezi yasiyokwisha wala kumdai mtu chochote. Nilijua kikohozi chake, redio yake, na harufu ya vitunguu vyake. Ndani kwake sikuwahi kuingia hata mara moja, wala yeye kwangu. Na hili halikuwa baya kwa kanuni za mahali pale. Kule heshima ya kwanza anayopewa jirani ni kuachwa. Anayebisha hodi bila sababu anaonekana mpelelezi, na anayeuliza "umeshindaje" akasubiri jibu anamtia mtu wasiwasi. Mimi nilijifunza adabu hiyo upesi, tena nikaipenda, kwa sababu iliulinda ukumbi wangu wa karamu.

Desemba ile baridi ilikuwa kali kupita kawaida. Huko milimani, kijiji cha Braemar kilishuka zaidi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Aidha ulikuwa ndio mwaka ambao bei ya gesi na umeme ilipanda vibaya kote Uingereza baada ya vita vya Ukraine kuanza, na wazee wengi walipasha joto chumba kimoja tu, wakakizima hata hicho kabla ya kulala. Ukumbi wa sinema niliouzoea, Filmhouse wa barabara ya Lothian, ulikuwa umefungwa Oktoba ya mwaka huo huo. (Ulikuja kufunguliwa tena Juni 2025.) Kwa hiyo sinema zangu nilizihamishia nyumbani, kwenye kompyuta, nikaongeza sauti ili nijidanganye niko ukumbini.

Usiku huo nilikuwa natazama Ikiru, filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1952. Jina lake maana yake ni kuishi. Inamhusu karani mmoja mkuu, Watanabe, aliyekaa karibu miaka 30 nyuma ya rundo la mafaili bila kufanya lolote, mpaka alipogundua kwamba ana saratani ya tumbo na siku zake zimehesabiwa. Kwanza anazurura katika vilabu vya usiku akitafuta raha, na humo anaimba wimbo wa zamani kwa sauti ya kinyonge hata watu wanaacha kucheza. Baadaye anatumia miezi yake ya mwisho kuwahangaikia akina mama wa mtaa mmoja maskini, ili shimo la maji machafu lifukiwe na pajengwe uwanja wa watoto kuchezea. Anafaulu. Anakufa usiku, amekaa kwenye bembea ya uwanja huo, theluji ikimwangukia.

Watanabe alikuwa amekwisha imba ule wimbo wake wa kilabuni, filamu haijafika hata nusu, niliposikia kutoka chini: ko, ko, ko. Mtu anagonga ukuta kwa kitu kigumu. Ilikuwa saa 3 usiku na dakika zake.

Nilijua mara moja maana yake. Nimemkera Mzee kwa sauti. Nikaona haya, tena haya ya kweli. Nikapunguza sauti. Baada ya kitambo ikaja tena: ko, ko. Basi, ili nisimsumbue kabisa, nikatoa vile vidude vya kusikilizia nikavitia masikioni. Sasa chumba kikawa kimya na filamu ikawa ndani ya kichwa changu peke yangu. Nakumbuka nilijipongeza kidogo kwa ustaarabu huo. Nikaendelea kutazama mpaka mwisho. Nikalia sana, hasa pale kwenye bembea. Nikazima taa, nikalala usingizi mzuri, nikijiona nimekuwa mtu mwenye moyo laini.

Mzee alikuwa ameanguka. Aliinuka kwenda kuzima hita, mguu ukanaswa na ukingo wa zulia, nyonga ikavunjika. Simu ilikuwa mezani, mbali. Fimbo yake ilikuwa imeanguka naye, na ndiyo aliyogongea ukuta. Alilala pale sakafuni kwa muda wa saa 11, hita imezimwa, amejivutia lile zulia juu yake, mpaka saa 2 asubuhi mama mmoja anayekuja kumsaidia mara mbili kwa wiki alipofungua mlango. Jua lilikuwa bado halijachomoza. Mimi nilitoka kwenda kazini nikakuta gari la wagonjwa mlangoni.

Hakufa. Nalisema hilo mapema ili msomaji asinisubirie msiba. Lakini alikaa hospitalini mpaka Machi, na hakutembea tena bila kushikilia kile kifaa cha chuma chenye miguu minne.

Nilikwenda kumwona siku ya tatu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, nikayatoa yote: kwamba nilisikia, kwamba nilidhani analalamika. Alinisikiliza kwa makini kama mtu anayesahihisha nakala ya kwanza. Kisha akasema, "Nilisikia mtu anaimba kwa huzuni. Nikajua uko macho, ndiyo maana nikagonga. Halafu kukanyamaza. Nikadhani umekwenda kulala, nikaona nisikuamshe."

Nisikuamshe! Mtu amevunjika nyonga, yuko sakafuni katika baridi, anaacha kugonga ili asimsumbue jirani. Na jirani yuko juu, macho, amejiziba masikio ili asimsumbue mtu yule yule.

Nilipomweleza dada yangu kwa simu, hakusema maneno mengi. Aliuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa nyumbani. Akarudia, "Ehe, ulikuwa nyumbani. Nauliza ulikuwa wapi."

Hapo ndipo lilipoanza lile swali. Wakati wa kuzunguka nalo katika vitabu, nilikumbana na mfano ambao ulinikalia kooni. Mmarekani William James, katika kitabu chake kikubwa cha saikolojia cha mwaka 1890, anamtaja bibi mmoja wa Kirusi anayelia ndani ya jumba la michezo kwa ajili ya watu wa mchezoni, huku mwendesha gari lake la farasi akiganda kwa baridi kitini pake huko nje mpaka kufa. James anasema mambo ya namna hiyo yanatokea kila mahali, kwa kiasi kidogo kidogo. Anaonya kwamba mtu anayezoea kuamshiwa hisia bila kuzimaliza kwa tendo huwa goigoi, na dawa anayotoa ni kwamba usiruhusu hisia ipite bure. Ukitoka kwenye muziki uliokugusa, fanya jambo, hata dogo kabisa, kama kumsemesha shangazi yako kwa upole au kumpisha mtu kiti garini.

Niliisoma hukumu hiyo kama mshitakiwa. Lakini nilipoituliza, niliona kwamba haikunipata sawasawa. Ni kweli nililia, na ni kweli mtu aliganda. Walakini machozi siyo yaliyonizuia kushuka ngazi. Ningekuwa nimekaa na vitabu vya hesabu usiku ule, ningefanya vile vile: ningesikia ko, ko, ningeona haya, ningenyamaza. Kilichoniziba masikio ni adabu. Na adabu hiyo haikuwa mbaya. Ilikuwa ni namna ya watu wanaobanana katika jengo moja kupeana nafasi ya kupumua. Ubaya wake ni mmoja tu, kwamba ina tafsiri moja kwa kila mgongo wa ukuta: niache. Haina nafasi ya tafsiri ya pili.

Basi je, machozi yaachiliwe huru? Hapana, hayo nayo yana kosa lao, na mimi kama mhasibu nalijua kwa jina. Yaliniandikia stakabadhi. Nililala usiku ule nikiwa na hakika kwamba nimelipa kitu fulani, kwamba huruma yangu imetoka na imefika inakotakiwa. Lakini Watanabe hakuhitaji kitu kutoka kwangu. Alikuwa mtu wa picha, wa Tokyo, wa mwaka 1952. Nilikuwa na stakabadhi ya deni ambalo sikulipa, tena ambalo hakuna aliyenidai. Na jambo la aibu zaidi ni kwamba filamu yenyewe ilinionya. Sehemu yake kubwa ya mwisho ni matanga ya Watanabe. Makarani wenzake wanakunywa, wanatambua alichofanya, wanalia, wanaapa kwamba kuanzia kesho watakuwa kama yeye. Kesho yake wanarudi nyuma ya mafaili na mambo ni yale yale. Niliwadharau makarani wale, vidude vikiwa masikioni.

Katika mji huo huo wa Edinburgh, kwenye makaburi ya kanisa la Canongate, amezikwa Adam Smith. Watu humjua kwa habari za biashara, lakini kabla ya hapo aliandika kitabu juu ya hisia za kimaadili, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1759. Humo anasema kwamba mtu atakayepotezewa kidole kidogo kesho hatapata usingizi leo, lakini maangamizi ya nchi nzima ya Uchina hayatamzuia kukoroma, maadamu hajawaona watu hao. Kwa maneno mengine, umbali unapoza huruma. Nilikuwa nikiupokea mfano huo bila ubishi. Sasa naubishia. Mimi niliwahurumia walio mbali mno, mbali hata kuwapo, nikakoroma juu ya aliye mita tatu chini yangu. Ninavyoona mimi, kuna namna ya ukaribu unaopoza huruma kuliko umbali, kwa sababu aliye karibu anaweza kuomba kitu. Anaweza kuomba leo, tena kesho. Anaweza kuwa mchoshi. Anaweza kukushika mkono akasimulia jambo lile lile mara tano. Wa kwenye filamu anatulia baada ya saa mbili na nusu.

Tena kuna jambo lingine ninalopaswa kulisema, ingawa linanichoma. Kazini nilikuwa na mazoea ya kujisifu. Wenzangu wakizungumzia wazee wanaokufa peke yao, mimi nilikuwa nikiwaambia: kwetu hayo hayapo. Nilipenda kuwakumbusha kwamba Julius Nyerere alisoma katika chuo kikuu cha mji wao wenyewe, kuanzia 1949 hadi 1952, wakati Waingereza walikuwa bado wanagawiwa nyama kwa kadi, na kwamba miaka kumi baada ya kuhitimu aliandika maelezo yake ya ujamaa kama undugu wa watu wanaotunzana. Nilisema kana kwamba undugu huo nimeubeba begani kama mtungi kutoka Pangani mpaka Uskoti.

Sasa najiuliza ulikuwa ni nini hasa. Nyumba ya mama ilikuwa na baraza. Jioni hapakuwa na mtu ndani, kwa sababu ndani kulikuwa na joto. Jirani akiumwa tulijua kabla hajamaliza kulalamika, kwani tulimwona hakutoka barazani. Mlango ulikuwa wazi, na aliyepita alisema hodi huku amekwisha ingia. Je, tulikuwa wema, au tulikuwa tunaonana tu? Sitaki kudharau malezi yangu. Kuna watu waliolala macho kwa ajili ya wagonjwa wasio wao, na hilo halikujengwa na baraza. Lakini mimi binafsi, nilipoondolewa baraza nikapewa mlango mzito na ngazi yenye giza, ujamaa wangu haukumaliza hata majira mawili ya baridi. Nilikuwa nimeuchukua ukarimu wa joto la Pangani nikauita tabia yangu.

Mzee alirudi Machi 2023. Nilinunua keki, nikashuka, nikabisha. Alifungua baada ya muda mrefu na swali lake la kwanza lilikuwa, "Kuna nini?" Nikaanza tena hotuba ya majuto. Akainua mkono. "Maziwa yamekwisha," alisema. "Kama unatoka."

Nilikuwa sitoki, lakini nilitoka. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwaka mmoja na nusu. Maziwa, betri za redio, dawa, barua ya kupeleka posta, balbu. Shughuli zile zile ndogondogo za Jumamosi yangu, ila sasa zilikuwa za nyumba mbili. Kama kuna mtu anadhani nilipata raha tukufu ya kutenda mema, nimwondolee dhana hiyo. Mara nyingi nilichukia. Mzee alikuwa na aina moja tu ya biskuti anayoikubali, na ilipatikana katika duka moja lililo juu ya mlima. Alihesabu chenji. Siku nyingine niligonga nikitumaini hataitika, nirudi kwenye kitabu changu. Huruma niliyokuwa nayo kwake siku ya hospitali ilikwisha ndani ya wiki tatu. Maziwa hayakukoma. Hili lilinishangaza sana, kwa maana nilikuwa nimeamini maisha yangu yote kwamba tendo jema linasukumwa na hisia kama merikebu na upepo. Kumbe upepo ukitulia bado kuna makasia, na makasia yanachosha mikono, na chombo kinakwenda.

Macho yake yalikuwa yamechoka, yeye aliyesoma kwa maisha yote, tena herufi za risasi zilizogeuzwa kinyume. Kioo cha kukuza kilimtetemekea mkononi. Basi jioni za majira ya baridi yaliyofuata nikaanza kumsomea. Sikumsomea kwa wema. Nilikuwa na kitabu ninachotaka kukisoma na hapakuwa na njia nyingine ya kupata vyote viwili. Usiku mmoja tulisoma hadithi ya Tolstoy ya mwaka 1895 juu ya bwana na mtumishi wake. Brekhunov ni mfanyabiashara mwenye tamaa, anakwenda kununua msitu kabla wengine hawajamtangulia, na anapotea katika tufani ya theluji pamoja na mtumishi wake Nikita. Kwanza anamwacha Nikita na kukimbia na farasi. Farasi anamrudisha pale pale. Ndipo anapofungua koti lake la manyoya na kumlalia Nikita juu yake, kumpa joto lake, na kufikia asubuhi bwana amekufa na mtumishi yu hai.

Jambo linalonishika katika hadithi hiyo ni kwamba Brekhunov hamlalii Nikita kwa sababu amemlilia. Tolstoy anasema alifanya hivyo kwa uamuzi ule ule aliokuwa nao alipogonganisha mikono ya kukubaliana bei nzuri. Mikono ya biashara ndiyo iliyofanya. Machozi yanamjia baadaye, akiwa amekwisha lala pale. Nilisimamisha kusoma nikamwambia Mzee jinsi jambo hili lilivyo zito. Nilimweleza habari za James, za bibi wa Kirusi na mwendesha farasi wake, nikamwonyesha kwamba hapa Tolstoy ameipindua picha: huku mwenye mali ndiye anayeganda kwa ajili ya mtumishi. Nilizungumza kwa muda.

Mzee alifikiri, kisha akasema, "Lakini naye alipata joto."

Nilibisha kwamba Brekhunov alikufa. "Ndiyo," alisema, "lakini mpaka wakati huo alipata joto. Angekuwa peke yake angekufa mapema zaidi. Hebu ongeza hita kidogo, halafu uendelee."

Nilimwuliza siku moja kama anadhani niache filamu. Nilikuwa nimeanza kuziogopa. Kila nikilia nilisimamisha na kutega sikio. Alicheka. Alisema katika miaka yake yote kiwandani alipanga herufi za mahubiri, za riwaya za mapenzi, za ratiba za treni, na hakumwona mtu yeyote aliyekuwa mbaya kwa kusoma riwaya wala mwema kwa kusoma mahubiri, ila aliwaona wengi waliowahi treni. Hilo lilikuwa jibu la mpiga chapa. Mimi sikuridhika nalo kabisa, na mpaka leo siridhiki. Naamini bado kwamba ile saa mbili na nusu ya Ikiru ilinipa macho fulani. Nisingeliona kosa langu vile nilivyoliona kama nisingewaona wale makarani. Ila macho hayo yalihitaji mtu aje ayatumie, na mtu huyo hakuwapo usiku ule. Alikuja siku tatu baadaye, na keki alileta miezi mitatu baadaye.

Mzee alifariki Septemba 2024, usingizini, hita ikiwa imewashwa. Alikuwa na kitabu cha maktaba, habari za vita vya baharini, chenye maandishi makubwa, na tulikuwa tumebakiza sura mbili. Nilikirudisha siku yake ya mwisho kuazimwa. Mfanyakazi wa maktaba aliuliza kama ningependa kuongezewa muda, nikasema hapana, kisha nilipofika nje nikajuta.

Desemba hiyo wakahamia vijana wawili, mume na mke. Nilishuka na mkate wa ndizi niliouoka mwenyewe. Walinishukuru sana, wakaupokea mlangoni, wakafunga mlango kwa upole. Hata sikuwalaumu. Nilijua adabu hiyo, nami niliifuata miaka 11.

Usiku mmoja wa Februari 2025 nilikuwa nimekaa na filamu, theluji inaanguka, chai mezani. Mara nikasikia kishindo kizito chini, halafu kimya. Kimya kile sikukipenda. Niliteremka ngazi na kandambili, moyo unapiga, nikagonga mlango kwa ngumi badala ya kutumia kengele. Yule kijana alifungua akiwa na nyundo mkononi na kovu la vumbi usoni. Walikuwa wanaunganisha kabati la vitabu na limewaangukia. Mkewe alikuwa sakafuni katikati ya mbao, anacheka hata hawezi kuinuka. Wote wawili walinitazama, mtu mzima mwenye blanketi mabegani. "Kuna nini?" aliuliza kijana.

Nikasema hakuna kitu, nilisikia sauti. Akasema samahani kwa kelele. Nikamwambia la, siyo kelele, na nikashindwa kueleza zaidi. Tukasimama hivyo kidogo. Kisha mkewe akauliza kutoka kule sakafuni kama ninayo bisibisi ya ncha ya msalaba, kwani ile iliyokuja na kabati imevunjika. Ninayo. Nikapanda kuichukua, nikaiteremsha, nikakaa nao mpaka kabati likasimama, limepinda kidogo upande wa kushoto. Niliporudi kwangu chai ilikuwa imepoa. Filamu nilikuwa nimesahau kuisimamisha, na ilikwisha bila mimi.